Shule ng'ambo ya mto, leseni nyumbani: kisa cha CDL kati ya Kentucky na Indiana

Mwombaji anaishi Louisville, Kentucky, mji wenye wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo. Ana miaka 34, ana grinikadi, mke na watoto watatu, na leseni ya kawaida ya Kentucky. Shule ya malori anayoimudu kwa ada na kwa ratiba iko ng'ambo ya mto Ohio, Jeffersonville, Indiana. Ni mwendo mfupi tu wa kuvuka daraja la I-65. Anataka CDL (leseni ya kuendesha magari ya biashara) ya daraja A, aendeshe kichwa cha lori na trela yake. Maswali yake ni mawili: achukue leseni ya jimbo gani, na mtihani wa vitendo aufanyie upande upi?

Kisa ni cha mfano, lakini kila kikwazo kilichomo ni kile kinachowakwamisha watu wanaosoma jimbo moja na kulala jingine.

Ndugu yake wa Jeffersonville ameshampa jibu: "Kaka, unajisumbua nini? Tumia anwani yangu, umalize kila kitu huku huku." Ushauri umetoka moyoni, ila usifuatwe. Tangu sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, dereva wa gari la biashara anaruhusiwa leseni moja tu, nayo hutolewa na jimbo la makazi yake. Makazi kwa maana ya sheria hiyo ni nyumba ya kweli na ya kudumu, ile ambayo mtu anakusudia kuirudia kila anapoondoka. Bweni la shule si makazi. Hoteli inayolipwa na kampuni si makazi. Chumba cha ndugu anapopumzika kati ya masomo nacho si makazi, wakati mke, watoto, mkataba wa nyumba na fomu za kodi viko Louisville. Akitoa anwani ya uongo na jimbo likagundua, adhabu ya chini kabisa ni kunyang'anywa au kusimamishiwa kibali, leseni au ombi, au kuzuiwa kuendesha gari la biashara, kwa siku 60 mfululizo. Huo ni mwanzo mbaya kwa mtu ambaye kampuni ya kwanza itapekua rekodi yake mstari kwa mstari.

Kwa hiyo swali la kwanza lina jibu moja: Kentucky. Swali la pili ndilo lenye kazi.

Kabla ya kwenda ofisini, kuna jambo linalowagusa sana waliotoka Kongo, Burundi na makambini: majina. Mwombaji ana majina matatu. Kwenye grinikadi jina la ukoo ni moja, kwenye kadi ya Social Security (hifadhi ya jamii) mawili yameunganishwa, na leseni ya kawaida imeacha la katikati. Kwa leseni ya kawaida alipita. Kwa CDL jimbo linalinganisha namba yake ya Social Security na jina na tarehe ya kuzaliwa vilivyoko kwa serikali ya shirikisho, na visipokubaliana ombi linasimama. Aanze na ofisi ya Social Security jina lifanane na la grinikadi, kisha arekebishe leseni ya kawaida, ndipo aombe kibali cha kujifunzia. Akifuata mpangilio mwingine atajikuta anarekebisha karatasi moja mara mbili. Jina lililokubaliwa hapo ndilo litakaloandikwa na daktari, na shule, na mtahini, herufi kwa herufi.

Jambo la pili ni historia. Fomu ya CDL inauliza majimbo yote aliyowahi kuwa na leseni kwa miaka 10 iliyopita. Mwombaji alifikia Houston kabla ya kuhamia Kentucky, na huko aliacha faini ya mwendo kasi bila kulipa. Anadhani imeshakufa. Haijafa. Karani anapoingiza jina lake mfumo unauliza rejista ya taifa ya madereva, na kama Texas ilimfungia haki ya kuendesha, Kentucky haitampa kibali hadi Texas imfungulie. Alipe, apate barua ya kuthibitisha kwamba amefunguliwa, na aende nayo. Hii ifanywe mwezi mzima kabla ya shule kuanza, kwa sababu hakuna atakayeiharakisha kwa ajili yake.

Kwa asiye na grinikadi wala uraia, njia ni nyingine: leseni ya wasio na makazi ya kudumu, ambayo kanuni zake zilibanwa kwa dharura tarehe 29 Septemba 2025 na suala likafika mahakamani. Aulize jimbo lake kabla ya kulipa hata senti ya shule.

Sasa daktari. Uchunguzi wa afya wa DOT, wizara ya uchukuzi ya Marekani, unaweza kufanyika jimbo lolote mradi mchunguzi yumo kwenye rejista ya taifa ya wachunguzi, kwa hiyo hakuna ubaya kupimwa Jeffersonville jirani na shule. Cheti hudumu miezi 24 kwa zaidi, na mwenye shinikizo la damu au kisukari hupewa muda mfupi zaidi. Tatizo limejificha kwenye sehemu ndogo ya fomu inayotaka namba ya leseni na jimbo lililoitoa. Tangu tarehe 23 Juni 2025 utaratibu ni kwamba matokeo yanatoka kwa mchunguzi kwenda kwenye mfumo wa shirikisho, na kutoka huko kwenda jimbo la leseni. Karani wa kliniki ya Indiana, kwa mazoea ya kila siku, ataandika Indiana. Matokeo yatamtafuta mtu ambaye Indiana haimjui, na Kentucky itaendelea kuona dereva asiye na cheti. Mwombaji aisome fomu kabla haijafungwa: namba ya leseni tarakimu kwa tarakimu, na neno Kentucky. Nakala ya karatasi aitunze, kwani si majimbo yote yaliyoingia kwenye mfumo huo kwa wakati mmoja.

Kisanduku kimoja kwenye fomu ya jimbo kinastahili umakini kuliko vyote. Mwombaji anatakiwa atamke aina ya uendeshaji: kati ya majimbo au ndani ya jimbo moja, na kama anabanwa na masharti ya afya au amesamehewa. Wengi huona "ndani ya jimbo" na kusema, mimi bado mwanafunzi, nitaendesha hapa hapa. Akichagua hivyo atapata kizuizi cha K, yaani haruhusiwi kuendesha nje ya Kentucky. Shule yake iko Indiana. Lori la mafunzo liko Indiana. Atakuwa na kibali halali ambacho hakimruhusu kujifunzia pale alipolipa ada. Achague uendeshaji kati ya majimbo, ule unaobanwa na masharti ya afya, ambao kwa kifupi huandikwa NI. Umri unaotakiwa ni miaka 21, naye anao.

Baada ya hapo ni mitihani ya maandishi: maarifa ya jumla, breki za upepo, na magari ya kuunganisha. Kila mmoja unataka asilimia 80. Majimbo mengine yamekuwa yakitoa mtihani wa maandishi kwa lugha nyingine, lakini mkalimani hakubaliwi. Ushauri wetu ni asome na kujibu kwa Kiingereza hata kama kuna njia nyingine, kwa sababu mtihani wa vitendo ni wa Kiingereza tupu, na tangu tarehe 25 Juni 2025 dereva anayeshindwa kuelewana na ofisa barabarani kwa Kiingereza anaweza kusimamishwa papo hapo na lori likabaki hapo.

Akifaulu anapewa CLP, kibali cha kujifunzia. Kibali hiki kimeegemea leseni yake ya kawaida ya Kentucky, kwa hiyo leseni hiyo ikiisha au ikifungwa, kibali nacho kimekufa. Indiana inalazimika kukitambua. Anaweza kuvuka daraja na kuendesha lori huko, mradi mwenye CDL ya daraja linalofaa ameketi kiti cha mbele pembeni yake. Asipige hesabu ya kufanya mtihani wa vitendo ndani ya siku 14 za kwanza baada ya kibali kutolewa, maana hairuhusiwi popote.

Tangu tarehe 7 Februari 2022 anayeomba CDL ya daraja A kwa mara ya kwanza lazima apite mafunzo ya mwanzo kwa mtoa mafunzo aliyeorodheshwa na FMCSA, idara ya shirikisho ya usalama wa malori. Nadharia ina mtihani wake wa asilimia 80. Kwa upande wa usukani sheria ya shirikisho haikuweka idadi ya saa, inataka mwalimu athibitishe kwamba mwanafunzi ameweza kila zoezi. Nadharia anaweza kuisoma kwingine, hata kwa intaneti akiwa Louisville. Usukani, yaani uwanjani na barabarani, sharti vitoke kwa mtoa mafunzo mmoja. Rekodi ya mafunzo ni ya taifa zima, haijali shule iko jimbo gani.

Ila inajali jimbo la leseni. Shule inapoingiza rekodi inaandika jina, namba ya leseni au kibali, na jimbo lililokitoa. Kosa ni lile lile la kliniki: kidole kimezoea Indiana. Siku ya mtihani mtahini anafungua mfumo, hamwoni mwanafunzi, na haruhusiwi kumtahini. Mwombaji anaweza kuangalia rekodi yake mwenyewe kwenye tovuti ya FMCSA ya daftari la watoa mafunzo kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, namba na jimbo. Isipoonekana kwa Kentucky, ajaribu Indiana, na ikitokea huko ameshapata kosa na shule inalirekebisha.

Muda nao unakamata watu. Shule ina hadi usiku wa manane wa siku ya pili ya kazi baada ya kumaliza mafunzo ndipo ilazimike kuingiza rekodi. Akimaliza Ijumaa, shule ina hadi Jumanne usiku na haijachelewa. Mtu aliyepanga mtihani Jumatatu asubuhi anafika, rekodi haipo, na nafasi imepotea pamoja na ada ikiwa hairudishwi. Apange Jumatano au baadaye, au aiombe shule iingize siku ile ile na aone kwa macho yake.

Mtihani aufanye wapi? Njia ziko mbili zilizo halali.

Njia ya kwanza ni kurudi Kentucky. Kwa makaratasi ni rahisi, kila kitu kiko jimbo moja. Ugumu ni lori. Mtahini hamletei mwombaji gari. Lazima lifike kichwa na trela vya daraja A, vizima, vyenye bima, vikiletwa na mwenye CDL, kwa kuwa yeye bado ana kibali tu. Shule nyingine haziruhusu lori livuke mpaka kwa ajili ya mtihani, nyingine zinatoza siku nzima pamoja na mwalimu. Kuna na jambo ambalo wengi hawalijui hadi wanafika uwanjani: majimbo hayatumii mtihani wa aina moja. Yapo yaliyobaki na mazoezi ya zamani, kurudi nyuma kwa kuhama njia, kuegesha sambamba, kurudi gatini. Yapo yaliyohamia mtihani mpya wenye kusimama mbele kwenye mstari, kurudi nyuma moja kwa moja, kuhama njia kwenda mbele, na kuhama njia kurudi nyuma. Shule ya Indiana inafundisha mtihani wa Indiana. Kabla ya kuchagua njia hii aulize majimbo yote mawili yanatumia upi, na kama inatofautiana amwombe mwalimu saa za ziada kwenye zoezi la nyumbani.

Njia ya pili ni kufanya mtihani Indiana, kwa lori la shule, kwenye uwanja aliouzoea. Sheria ya shirikisho inaruhusu jimbo kumtahini mtu wa jimbo jingine aliyesomea humo. Neno ni "inaruhusu": jimbo la shule halilazimiki. Likikubali, linatuma matokeo kwa njia ya kielektroniki moja kwa moja kwenda jimbo la makazi, na hapo jimbo la makazi linalazimika kuyapokea. Kentucky haiwezi kumwambia arudie. Karatasi mkononi haitoshi na bahasha haikubaliwi, yanayohesabika ni yale yaliyosafiri kwenye mfumo.

Kwa mwombaji huyu njia ya pili ndiyo bora, kwa sharti kwamba kabla ya kulipa ada apate majibu ya maandishi kwa maswali haya: mtahini wa shule anapokea wenye CLP ya Kentucky? Matokeo yanatumwa kwa mfumo gani na siku ngapi baada ya mtihani? Akifeli, kurudia ni baada ya siku ngapi na kwa bei gani kwa mtu wa nje ya jimbo? Shule inayojibu "usijali, tutaona" ndiyo shule ya kuijali.

Siku ya mtihani sehemu ni tatu: ukaguzi wa gari, kulimudu gari uwanjani, na barabara. Wanaojua kuendesha tangu Lubumbashi au Dar es Salaam hawaangukii barabarani. Wanaangukia ukaguzi, kwa kuwa pale anayetahiniwa ni mdomo. Kugusa tairi na kulitazama haitoshi, lazima aseme kwa Kiingereza anachokagua na jinsi kinavyotakiwa kuwa: tairi la mbele liwe na kina cha kashata si chini ya 4/32 ya inchi, mengine 2/32, hakuna mkato, upepo umejaa. Maneno "not cracked, bent or broken" (hakijapasuka, hakijapinda wala hakijavunjika) atayasema mara nyingi kuliko jina lake. Ayaseme akiwa amekishika kile kifaa, kwa sababu mtahini anafuata mkono.

Kipimo cha breki za upepo kinafaa kuelezwa hatua kwa hatua, maana kukikosea ni kufeli ukaguzi wote hata kama mengine yamekwenda vizuri. Magurudumu yawekewe vizuizi. Upepo ujazwe hadi kidhibiti kikate, yaani ujazaji ukome wenyewe. Injini izimwe, swichi irudishwe kwenye umeme bila kuwasha injini, kisha vitufe viwili, cha njano na chekundu, visukumwe ndani ili breki za kuegesha ziachie. Mguu ukiwa nje, atazame geji dakika moja: kwa kichwa na trela upepo usipungue zaidi ya psi 3 (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo). Halafu akanyage breki kwa nguvu na kushikilia. Sindano ikishatulia baada ya kushuka mara ya kwanza, dakika moja tena: isipungue zaidi ya psi 4. Kisha apigepige pedali upepo ushuke hadi king'ora na taa vionekane. Hapa namba itoke kwenye kitabu cha jimbo linalotahini, kwa sababu vitabu vya zamani vinasema kabla ya psi 60 na vipya vinasema 55. Aendelee kupiga hadi vitufe viruke vyenyewe nje, kati ya psi 20 na 45.

Makosa ni machache na yanajirudia. Swichi imesahaulika, king'ora hakilii, mwanafunzi anadhani gari ni bovu na anataharuki. Au amekariri namba kama dua, anazitamka huku macho yako kwa mtahini badala ya geji. Au anasema psi 2, ambayo ni ya lori lisilo na trela, kwa sababu video aliyoitazama ilikuwa ya lori la namna hiyo.

Sasa tuseme katikati ya mafunzo mke amepata kazi Columbus, Ohio, na familia inataka kuhama. Hapa ndipo tungemshika mkono: usihame na CLP, hama na CDL. Utaratibu wa shirikisho wa kuhamisha upo kwa CDL. Mwenye CDL akihama anaomba ya jimbo jipya ndani ya siku 30, anairudisha ya zamani, anatoa cheti cha afya na tamko lake upya, jimbo linaangalia rekodi, basi. Harudii usukani. Kama ana idhini ya kubeba bidhaa hatari, awe amefaulu mtihani wake ndani ya miaka 2 iliyopita, la sivyo anaufanya tena. CLP haina njia hiyo. Kibali kipya kwa Ohio maana yake ni mitihani ya maandishi upya na siku 14 kuanza kuhesabiwa upya. Kinachobaki ni mafunzo, kwani rekodi ya FMCSA haiishii mpakani. Kama familia inaweza kusubiri wiki nne, isubiri, na kama haiwezi, aende akijua anachopoteza, wala asiendelee kutumia anwani ya Louisville baada ya kuihama.

Jambo jingine linalovuka mipaka ni bangi. Majimbo kadhaa yameihalalisha, kipimo cha DOT hakijaihalalisha. Mwenye CLP tayari yumo kwenye taratibu za upimaji, na jina likiingia Clearinghouse, daftari la shirikisho la makosa ya dawa za kulevya na pombe kwa madereva, kwa hali ya kuzuiwa, tangu tarehe 18 Novemba 2024 jimbo linalazimika kuondoa haki yake ya kuendesha gari la biashara hadi amalize utaratibu wa kurudi kazini.

Tuseme amefaulu Indiana siku ya Alhamisi. Bado si dereva wa peke yake. Hadi Kentucky itoe CDL, anachokishika ni CLP, na akiendesha lazima mwenye CDL awe kiti cha mbele. Asiingie kwenye lori la kampuni Ijumaa kwa furaha ya kufaulu. Apige simu ofisi ya leseni ya Kentucky kuuliza kama matokeo yameonekana, aende na leseni, kibali, cheti cha afya na grinikadi, alipe ada.

Kabla hajaondoka dirishani asome herufi za vizuizi kwenye kadi au karatasi ya muda. E ni kwamba amefanyia mtihani lori la otomatiki, na kwa malori mengi ya shule hiyo ni sawa. L ni kwamba haruhusiwi breki za upepo: ikionekana na alifaulu kipimo, ni kosa la kuingiza matokeo na lisahihishwe hapo hapo. O ni kwamba gari la mtihani halikuunganishwa kwa sahani ya trela kama malori ya kawaida. Na K, kama ipo, inamaanisha kile kisanduku cha mwanzo kilijazwa vibaya. Amwambie karani abadilishe tamko liwe NI kabla kadi haijaenda kuchapwa, la sivyo safari yake ya kwanza itaishia kwenye daraja la I-65.